Mtego Kabla Haujafyatuka

Majira ya baridi ya mwaka 1966 yalipoingia jijini Washington, Marekani, watoto wadogo walianza kufikishwa hospitalini wakihema kwa taabu. Walikuwa wamechanjwa miezi kadhaa kabla. Chanjo yenyewe ilikuwa ya majaribio, na ilikusudiwa kuwakinga na virusi vya RSV, virusi vile vile ambavyo sasa vilikuwa vimejaa vifuani mwao. Katika kundi moja la jaribio hilo, watoto wachanga 31 walichomwa sindano. Msimu ule 20 kati yao waliambukizwa RSV, na 16 wakalazwa. Kundi la kulinganisha lilipewa chanjo ya ugonjwa mwingine. Humo waliambukizwa watoto 21, na aliyelazwa alikuwa mmoja tu.

Wawili kati ya waliochanjwa walifariki. Mmoja alikuwa na umri wa miezi 14, mwingine miezi 16.

Hesabu hiyo inahitaji kusomwa polepole, kwa sababu akili huikataa mara ya kwanza. Si kwamba chanjo ilishindwa kufanya kazi. Chanjo iliyoshindwa ingewaacha watoto wale sawa na wenzao. Hii iliwafanya waugue zaidi kuliko wasiochanjwa.

Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli, na takwimu hizi nimekutana nazo katika aya ya kwanza ya makala nyingi za kisayansi kuhusu RSV. Kwa kawaida hupewa sentensi moja, kisha mwandishi huendelea na shughuli zake. Katika insha hii nataka kukaa na sentensi ile kwa muda mrefu zaidi. Swali lililoachwa na vifo vile viwili lilichukua karibu nusu karne kupata jibu, na jibu lilipopatikana lilitoka nje ya ugonjwa huo, likaingia katika chanjo za Uviko-19 zilizochomwa mabegani mwa watu wengi wanaosoma maneno haya.

*

RSV haikugunduliwa kwa binadamu kwanza. Mwaka 1955, sokwe waliokuwa wakifugwa katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed, walipatwa na mafua. Watafiti walichukua makamasi yao, wakapata virusi visivyojulikana, na mwaka uliofuata wakavitangaza kama chanzo cha mafua ya sokwe. Haikuchukua muda, Robert Chanock na wenzake wakavikuta virusi hivyo hivyo kwa watoto wagonjwa huko Baltimore. Sokwe hawakuwa chanzo cha chochote. Yaelekea waliambukizwa na sisi.

Ukiviweka virusi hivi pamoja na seli katika maabara, seli zilizoambukizwa huungana na jirani zake, kuta zikayeyuka, zikawa donge moja kubwa. Jina refu la Kiingereza ambalo RSV ni kifupi chake linatokana na madonge hayo. Kwa mtu mzima mwenye afya, RSV ni mafua tu: pua kutiririka, koo kukwaruza, siku chache zimepita. Karibu kila mtoto duniani huwa amekutana nayo kabla ya kutimiza miaka 2, na wengi hupona. Lakini mtoto mchanga ana vijia vya hewa vyembamba mno. Vikivimba kidogo na kujaa makamasi, hewa haipiti. Mama humwona mwanawe akipanua pua, mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, akiacha kunyonya kwa sababu hawezi kunyonya na kuhema kwa wakati mmoja. Kwetu watu husema mtoto amebanwa kifua, au ana nimonia. Mara nyingi jina la kirusi halitajwi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekipima.

Chanock alitaka chanjo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na njia iliyokwisha kuthibitika. Mwaka 1955 chanjo ya Jonas Salk dhidi ya polio ilikuwa imeonyesha kwamba unaweza kukuza virusi, ukaviua kwa fomalini, kisha ukavichoma kwa mtoto. Mwili ungeujifunza mzoga, na siku adui akija akiwa hai ungekwisha kumjua. Chanjo ya RSV ilitengenezwa kwa mantiki hiyo hiyo. Walioitengeneza hawakuwa wazembe wala wakatili. Walifuata njia bora iliyojulikana wakati wao.

Ilichomwa kwa watoto wa makundi kadhaa. Mojawapo lilikuwa la watoto walioishi katika makao ya watoto pale Washington, wasiokuwa na mzazi wa kuketi kando ya kitanda chao. Damu ya waliochanjwa ilipopimwa ilionekana kuwa na kingamwili nyingi, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili ziwashike wavamizi. Kwa vipimo vya siku zile, chanjo ilikuwa imefaulu. Kisha baridi ikaingia, na RSV ikaja na msimu wake.

Vipande vya mapafu ya wale wawili waliofariki vilihifadhiwa. Mwaka 2002, zaidi ya miaka 30 baadaye, kundi jingine la watafiti lilivichunguza upya kwa darubini na kukuta dalili kwamba kingamwili na virusi vilikuwa vimegandamana ndani ya tishu na kuwasha uvimbe. Majina ya watoto hao hayamo katika makala zile. Mapafu yao yamo.

*

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya 1967, hakuna aliyethubutu kumchoma chanjo ya RSV iliyouawa mtoto ambaye hajawahi kukutana na virusi hivyo. Miaka ikapita. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, palivizumab, ambayo mtoto huchomwa kila mwezi katika msimu wa ugonjwa. Bei yake iliifanya iwe dawa ya watoto njiti na wenye maradhi ya moyo katika nchi tajiri. Kwa wengine wote hapakuwa na kitu.

Miongoni mwa waliokataa kuliacha swali hilo ni daktari aitwaye Barney Graham. Alianza kuichunguza RSV miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, akiwachanja panya kwa chanjo ya aina ile ya zamani na kutazama namna kinga yao inavyopotoka. Mwaka 2000 alijiunga na kituo kipya cha utafiti wa chanjo cha serikali ya Marekani, huko Bethesda, na swali lake akaenda nalo. Kama watoto wale walikuwa na kingamwili nyingi, mbona hazikuwasaidia?

Ili kulielewa jibu, fikiria mtego wa ndege wa kijijini. Unachukua ufito wenye mnyumbuko, unaupinda hadi chini, unaufunga kwa uzi na kuuegemeza kwenye kijiti kidogo. Nguvu yote imelala ndani ya ule ufito uliopindwa, ikisubiri. Ndege akigusa kijiti, ufito unafyatuka na kunyooka. Ukiutazama mtego uliofyatuka, ufito ni ule ule na uzi ni ule ule. Umbo ndilo limebadilika kabisa, na mtego hauwezi kujitega wenyewe tena.

Juu ya ngozi ya RSV kuna protini inayofanya kazi kwa namna hiyo. Wataalamu huiita F, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kuungana. Kabla kirusi hakijaigusa seli, F imejikunja, fupi na nene, imejaa nguvu iliyobanwa. Ikifyatuka, sehemu yake moja huchomoka kama chusa na kujikita katika utando wa seli. Kisha protini yote hujikunja upya na kuzivuta tando mbili, wa kirusi na wa seli, hadi zishikamane na kuwa mmoja. Mlango umefunguka, na kirusi kimeingia. Baada ya hapo F hubaki ndefu na nyembamba, imetulia, haina kazi tena.

Sasa fikiria mfumo wa kinga ukijifunza. Hauna macho. Kingamwili humtambua adui kwa kumpapasa, kama mtu gizani anavyotambua ufunguo kwa vidole, na anachokipapasa ni umbo. Ukiupa mwili F iliyofyatuka, utatengeneza kingamwili za kuishika F iliyofyatuka. Nyingi ya hizo hazitakuwa na pa kushika kwenye mtego ambao bado umetegwa, na hizo zilizofyatuka hazimdhuru mtu tena.

Hapo ndipo chanjo ya 1966 ilipokosea, ingawa ilichukua hadi mwaka 2016 kwa maabara ya Graham kuonyesha waziwazi kwamba chanjo iliyotengenezwa kwa namna ile ilikosa umbo la F lililotegwa. Wataalamu hutaja pia sababu nyingine, kama vile kingamwili zilizoshika kwa ulegevu na seli za kinga zilizoelekezwa vibaya. Lakini umbo limo katika kiini cha maelezo. Watoto wale walifundishwa kumtambua adui kwa mtego uliokwisha kufyatuka.

*

Kulijua tatizo si kulitatua. F ni mtego mwepesi kupita kiasi. Ukiitoa kwenye kirusi na kuisafisha, hufyatuka yenyewe. Kwa hiyo kwa miaka mingi protini ambayo kila maabara ilikuwa nayo, ile ambayo watu waliipima na kutaka kuigeuza chanjo, ilikuwa imekwisha kufyatuka. Hakuna aliyekuwa ameliona umbo la mwanzo kwa undani.

Mwaka 2008 kijana aliyekuwa ametoka kuhitimu udaktari wa falsafa, Jason McLellan, alifika Bethesda kufanya kazi na Peter Kwong, mtaalamu wa kuchora miundo ya protini za virusi vya Ukimwi. Maabara ya Kwong ilikuwa imejaa, hivyo McLellan akapewa nafasi katika ghorofa aliyokuwepo Graham. Wakawa majirani, wakaanza kuzungumza. Ninapenda habari hii kwa sababu ya udogo wake. Sehemu ya historia ya chanjo za karne hii imetokana na upungufu wa meza.

Ufunguo ulitoka Uholanzi. Watafiti wa huko walikuwa wamepata kingamwili ya binadamu iliyoitwa D25, yenye uwezo mkubwa wa kuizuia RSV. Ajabu yake ni kwamba ilikataa kuishika F iliyosafishwa. Mtu mwingine angeiona hiyo kama kasoro. Kwa Graham na McLellan ilikuwa habari njema, kwani kama D25 inazuia virusi lakini haishiki mtego uliofyatuka, basi bila shaka inaushika uliotegwa. Waliitengeneza F pamoja na D25, ili kingamwili iishike protini kama mkono unaozuia ufito usinyanyuke. Walikuza fuwele za vitu hivyo viwili vikiwa vimeshikana, wakazipiga kwa miali ya eksirei, na mwaka 2013 wakachapisha picha katika jarida la Science. D25 ilikuwa imekaa juu kabisa, kileleni mwa protini, mahali ambapo hupotea pale mtego unapofyatuka. Mahali hapo walipaita eneo sifuri.

Faili la muundo huo liko wazi kwa yeyote. Linaitwa 4JHW katika hifadhi ya kimataifa ya miundo ya protini, na kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi inaweza kulifungua. Nimeligeuzageuza jioni nyingi kwa kipanya, kwa programu ya bure, nikiitazama nakala tatu za F zilivyosukana kama ukili. Sisi wengine tunasoma sayansi hii kwa Kiingereza na kuifikiri kwa Kiswahili, na neno lililonijia kila nilipoitazama lilikuwa lile lile: imetegwa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya ufundi zaidi kuliko ya ugunduzi. D25 haiwezi kuwekwa ndani ya chanjo ili ishike protini, maana ingefunika mahali pale pale ambapo mwili unapaswa kupajua. Ilibidi F ifungwe kwa ndani. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, na ukibadilisha herufi katika jeni unaweza kubadilisha kipande kimoja kwa kingine. McLellan, Graham, Kwong na wenzao walijaribu miundo mingi. Uliofaa zaidi ulipewa jina DS-Cav1, nao ulikuwa na mabadiliko manne tu katika mnyororo wenye vipande zaidi ya 500. Viwili vya aina ya serini, vilivyokaa karibu karibu katika umbo lililotegwa, vilibadilishwa kuwa sisteini. Sisteini mbili zikikutana hushikana kwa salfa, kama karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Vingine viwili vilibadilishwa kwa vipande vinene zaidi, fenilalanini na leusini, ili vijaze uwazi uliokuwa ndani ya protini, kama fundi anavyoziba mapengo ya ukuta ili usitikisike.

F ile ikakaa. Ilipochomwa kwa panya na nyani, damu yao ilizuia virusi vizuri zaidi kuliko ya wanyama waliopewa F iliyofyatuka. Mwaka 2019 matokeo ya kwanza kwa binadamu yalitoka, na dozi moja ilikuwa imeongeza nguvu ya damu ya kuzuia RSV zaidi ya mara kumi. Swali la 1967 lilikuwa limepata jibu ambalo unaweza kulipima.

*

Wazo la kuifunga protini isifyatuke halikuzaliwa 2013. Waliokuwa wakihangaika na Ukimwi walikuwa wamelitangulia. Mwaka 2002 Rogier Sanders, John Moore na wenzao walikuwa wamefunga protini ya virusi vya Ukimwi kwa mshiko wa salfa na kwa kipande kimoja cha prolini. Prolini ni asidi amino yenye tabia ya pekee, kwa kuwa imejifunga kwenye uti wa mnyororo wake yenyewe, hivyo haipindiki kirahisi. Protini inapofyatuka, sehemu yake fulani hutakiwa kunyooka na kuwa nguzo ndefu iliyosokotwa. Ukiweka prolini pale penye kona, nguzo haiwezi kunyooka. Ni kabari. Chanjo ya Ukimwi waliyoitafuta haijapatikana hadi leo, lakini kabari yao ilisafiri.

Ilisafiri hadi kwenye virusi vya korona. Mwaka 2012 ugonjwa wa MERS ulitambuliwa Saudi Arabia, ukihusishwa na ngamia. McLellan, akiwa sasa na maabara yake mwenyewe, aliungana na Graham na maabara ya Andrew Ward huko California kuichunguza protini ya mwiba wa korona, ambayo nayo ni mtego wa aina hiyo hiyo. Katika maabara ya McLellan, Nianshuang Wang alijaribu kuweka prolini mahali mbalimbali. Mbili zilizofuatana, kileleni mwa nguzo ya katikati, zilitosha kuutuliza mwiba. Kizzmekia Corbett, katika kundi la Graham, alikuwa miongoni mwa walioufanyia kazi kama chanjo. Makala yao ilitoka 2017. MERS ilikuwa ugonjwa wa watu wachache, na makala haikuzua kelele.

Kisha ikaja Januari 2020. Tarehe 10 mfuatano wa jeni wa kirusi kipya kutoka Wuhan uliwekwa hadharani. Waliokuwa na jibu la MERS hawakuhitaji kuanza upya. Waliulinganisha mwiba mpya na ule wa zamani, wakapata mahali panapofanana, nafasi ya 986 na ya 987, wakaweka prolini mbili. Tarehe 16 Machi mtu wa kwanza wa kujitolea alichomwa chanjo ya Moderna mjini Seattle.

Utakumbuka maswali ya wakati ule, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp, msibani na harusini. Chanjo gani hutengenezwa kwa mwaka mmoja? Swali hilo halikuwa la kijinga, na wengi waliolijibu walilijibu kwa dharau badala ya maelezo. Jibu lenyewe ni kwamba haikutengenezwa kwa mwaka mmoja. Teknolojia ya mRNA ina historia yake ndefu, na sehemu nyingine, ile ya kujua ni umbo gani mwili uonyeshwe, ilianza na watoto waliolazwa Washington mwaka 1966.

Chanjo za Pfizer na BioNTech, Moderna, Novavax na Janssen zote zilikuwa na prolini zile mbili. Ya AstraZeneca, iliyotangulia kufika Kenya Machi 2021, haikuwa nazo, na bado iliokoa maisha. Kabari husaidia, lakini haiwi sharti kwa kila chanjo. Shehena ya kwanza kufika Tanzania, Julai 2021, ilikuwa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen. Kwa hiyo aliyepanga foleni Dar es Salaam miezi ile na kuchomwa dozi yake moja alipewa maelekezo ya kujenga mwiba ambao haufyatuki. Wachache waliambiwa hivyo. Ninadhani wengi wangependa kujua.

*

RSV yenyewe ilisubiri zamu yake. Mei 2023 Marekani iliidhinisha chanjo mbili za kwanza, ya GSK na ya Pfizer, zote zikiwa na F iliyofungwa katika umbo la kabla ya kufyatuka. Ziliidhinishwa kwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, kwa kuwa RSV huwaua wazee pia. Watoto wawili wa 1966, kama wangeishi, wangekuwa wakikaribia umri huo huo.

Lakini wazee wa nchi tajiri si ndio wanaokufa zaidi. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema kwamba RSV ilichangia vifo vya watoto zaidi ya 100,000 walio chini ya miaka 5, na zaidi ya asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu walikuwa hawajatimiza miezi 6. Hapa Afrika Mashariki tuna bahati ya kuwa na mojawapo ya sehemu zilizoichunguza RSV kwa undani mkubwa, Kilifi, katika pwani ya Kenya. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust waliwahi kuzifuata kaya 47 huko kwa miezi 6, wakichukua sampuli za pua za watu wa nyumba nzima mara mbili kwa wiki, awe mgonjwa au mzima. Walitaka kujua nani humletea mtoto mchanga virusi. Zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa walivipata ndani ya nyumba zao, na mara nyingi aliyevileta alikuwa kaka au dada anayesoma shule.

Huwezi kumzuia dada asimbebe mdogo wake. Basi inabaki kumpa mtoto kinga kabla hajapokelewa na mikono ile. Kumchanja yeye mwenyewe katika wiki zake za kwanza ni kuigusa jeraha ya 1966, na jeraha hiyo haijapona. Mwaka 2024 majaribio ya chanjo ya mRNA ya RSV kwa watoto wachanga yalisimamishwa baada ya ugonjwa mkali kuonekana zaidi kwa waliochanjwa, ingawa chanjo ile ilikuwa na umbo lililotegwa. Umbo sahihi halikuwa jibu la kila kitu.

Njia nyingine ni kumchanja mama. Mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mtoto huzaliwa na silaha za kuazima, bila mwili wake mwenyewe kulazimika kujifunza chochote kwanza. Chanjo ya Pfizer ilijaribiwa hivyo kwa wajawazito wapatao 7,400 katika nchi 18, zikiwemo Gambia na Afrika Kusini. Katika siku 90 za kwanza za maisha ilipunguza ugonjwa mkali wa mapafu utokanao na RSV kwa karibu asilimia 82. Agosti 2023 ikaidhinishwa Marekani kwa wajawazito.

Ya GSK ilikwama. Februari 2022 jaribio lake kwa wajawazito lilisimamishwa kwa sababu watoto njiti walikuwa wengi zaidi kwa waliochanjwa, na tofauti hiyo ilionekana hasa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sababu haikupatikana. Ndiyo maana Marekani iliweka sharti kwamba hata chanjo ya Pfizer itolewe kati ya wiki ya 32 na ya 36 ya ujauzito, na ndiyo maana ufuatiliaji makini wa mama zetu haupaswi kuonwa kama ucheleweshaji. Waliokuja baada ya 1966 walijifunza kuhesabu kabla ya kushangilia.

Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha ubora wa chanjo hiyo ya mama, hatua inayoruhusu mashirika ya Umoja wa Mataifa kuinunua kwa ajili ya nchi maskini. Mwezi Mei mwaka huo likashauri nchi zote zianzishe ama chanjo ya mama ama sindano ya kingamwili kwa mtoto. Yanayobaki sasa si mambo ya maabara. Ni bei, majokofu, bajeti za wizara, na kliniki ambako mama huhudhuria mara ya mwisho akiwa na mimba ya miezi mitano kisha asirudi hadi siku ya kujifungua, kwa sababu nauli ni nauli.

Sayansi ilihitaji miaka 47 kutoka vifo vya Washington hadi picha ya mtego uliotegwa, na ilikuwa na udhuru: hakuna aliyekuwa ameuona. Udhuru huo umekwisha mwaka 2013. Kila msimu wa mvua unaopita bila sindano ile kufika Kilifi, Mtwara au Gitega, watoto wanaobanwa vifua wanabanwa na jambo ambalo tayari tunalijua.